Tangi la maji ya bahari Tanga: vifaa vya kuanza navyo

Ukifungua video ya mafunzo ya kutunza samaki wa baharini nyumbani, kifaa utakachoambiwa ununue mapema kabisa ni hita ya kupasha maji. Kwa anayeishi London au Chicago ushauri huo unaokoa samaki, maana usiku wa baridi maji yanaweza kushuka joto hadi yakawaua. Kwetu Tanga hita iko mkiani mwa orodha, na wengi wetu hatuigusi kabisa. Yanayotuangusha sisi ni mengine: joto la Februari na Machi, maji yanayopungua kwa mvuke kila uchao, na umeme unaokatika bila kuaga. Nawaandikia nyinyi mnaotaka kuanza, mlioona tangi la namna hii mahali fulani likawakaa moyoni, ili pesa mliyonayo iende panapostahili kabla haijaishia kwenye taa za rangi. Ninatunza langu nyumbani na huitwa kuangalia ya watu, na matatizo ninayoyakuta ni yale yale.

Jambo moja liwakae kichwani kila mnapochagua kifaa. Bahari yetu, kuanzia Raskazone hadi nje kwenye kisiwa cha Yambe, hubadilika joto polepole sana. Wakati wa kusi, mwezi wa Agosti, maji huwa kwenye digrii 25 hivi. Kaskazi ikielekea kuisha mwezi wa Machi, yanakaribia 29. Tofauti hiyo huchukua miezi kuja. Chumvi nayo, kwenye maji ya wazi, hukaa karibu na gramu 35 kwa kila kilo ya maji mwaka mzima. Samaki wa kwenye matumbawe kazaliwa humo na mwili wake haukuumbiwa kurushwa digrii nne kati ya alfajiri na saa tisa mchana. Ndiyo maana tangi lenye chumvi 34 isiyosogea lina afya kuliko lenye 35 leo, 37 keshokutwa, kisha 33 baada ya mwenye nyumba kushtuka na kumwagia ndoo nzima ya maji ya bomba. Kila kifaa ninachokisifia hapa nakisifia kwa sababu kinapunguza kuyumba. Kisichopunguza kuyumba kinaweza kusubiri mshahara wa mwezi mwingine.

Kwa hiyo cha kwanza kununua ni wingi wa maji. Wanaoanza hupenda tangi la lita 40 au 50 kwa kuwa linakaa juu ya meza na linaonekana rahisi. Hilo dogo ndilo gumu kuliko yote. Joto la mchana mmoja linalipata kabla hujarudi kutoka kazini, na samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe uozo wake unatosha kuharibu maji yote. Uwezo ukiwepo, anza na lita 200. Mafundi vioo wa hapa mjini wanaweza kulitengeneza, ila mambo mawili simamia mwenyewe. Kwa tangi la kimo cha sentimita 50 kioo kiwe cha milimita 10, si kile cha dirisha. Na silikoni iwe ya kawaida, ile inayonuka siki wakati inakauka, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu; ya bafuni yenye dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Iache wiki nzima ikauke, kisha lijaze maji ya bomba nje uani ulitazame siku mbili kabla ya kuliingiza sebuleni.

Lita 200 za maji ya bahari peke yake ni kilo 205 hivi. Ukiongeza kioo, mawe na stendi unakaribia kilo 300, kwa hiyo kabati la televisheni lisahau. Stendi ya chuma ipakwe rangi hadi kwenye pembe za ndani, kwa sababu chumvi ya mji huu inakula hata mageti yaliyo mbali na pwani. Weka pimamaji juu ya stendi kabla tangi halijakaa. Na tangi lisielekee dirisha linaloingiza jua: jua la asubuhi linapasha maji na kuotesha mwani kwa pamoja.

Chini ya tangi, ndani ya stendi, weka tangi la pili dogo. Maji yanashuka humo kwa bomba la plastiki, yanapita kwenye vifaa vyote, kisha pampu inayarudisha juu. Faida zake ni nyingi. Unapata lita 40 au 50 zaidi bila kuchukua nafasi sebuleni, vifaa vinafichika, na kimo cha maji ya tangi la juu hakibadiliki. Upungufu wote unaonekana chini. Lakini kuna jaribio ambalo lazima ulifanye mwenyewe, ukiwa na tambara mkononi, kabla ya samaki hata mmoja kuingia. Jaza mfumo mzima, washa pampu, subiri maji yatulie, kisha chomoa plagi na upige magoti utazame tangi la chini. Bomba la kurudisha maji litageuka na kuanza kunyonya kutoka juu, na maji hayataacha kushuka mpaka mdomo wa bomba hilo ubaki hewani. Mdomo ukiwa umezama sentimita 20, sentimita 20 nzima za tangi la juu zinakuja sakafuni. Inua mdomo uwe karibu na uso wa maji, toboa tundu dogo kwenye bomba sentimita moja chini ya uso ili livute hewa, halafu weka alama kwa kalamu kwenye tangi la chini: hapa ndipo mwisho wa kujaza. Rudia kuchomoa plagi mara kadhaa. Tundu hilo hukaa linazibwa na mwani na konokono wadogo, basi lisafishe kila unaposafisha kioo.

Sasa maji yenyewe. Wenzetu wa mbali na bahari hawana njia ila kununua chumvi maalumu ya akwariamu na kuichanganya. Sisi bahari iko mlangoni, na si vibaya kuitumia, lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Ghuba ya Tanga inapokea mito ya Sigi na Mkulumuzi. Masika ikikolea, maji ya juu ya ghuba yanakuwa mepesi, ya rangi ya chai, yamebeba udongo na taka za mashamba na mji. Karibu na bandari kuna mafuta ya vyombo. Mimi huchukua maji nje, kwa mashua, maji yakiwa yamejaa, baada ya siku nyingi bila mvua. Maji yanapokupwa yanakuletea yale yaliyotoka kwenye mikoko na midomo ya mito. Ukifika nyumbani yachuje kwa kitambaa cheupe kisichofuliwa kwa sabuni ya manukato, yaweke kwenye pipa lenye kifuniko, gizani, pampu ndogo ikiyazungusha kwa wiki mbili hivi. Vijidudu vidogo vilivyomo vitakufa na kutulia chini. Nyonya ya juu, acha tope. Madumu ya kubebea yawe mapya au yaliyowahi kubeba maji ya kunywa tu. Lililokuwa na mafuta ya kula huwezi kulisafisha likawa salama, hata ulisugue vipi.

Kuna swali ninaloulizwa na karibu kila anayeanza: kwa nini nisinunue chumvi ya kwenye mashamba yetu ya chumvi, iko tele na ni rahisi, nikaichanganya na maji? Kwa sababu chumvi ile si bahari iliyokaushwa yote. Maji ya bahari yanapokauka juani, vitu havigandi kwa wakati mmoja. Chokaa hutangulia, ikifuatwa na jasi, ndipo chumvi ya kawaida ikaanza kufanya fuwele. Magnesiamu na potasiamu hubaki kwenye maji machungu ya mwisho, na wakulima wa chumvi huyamwaga ili chumvi yao isiwe chungu. Kinachofika sokoni ni kizuri kwa mboga na kwa kukausha samaki, lakini kalsiamu, magnesiamu na vingine ambavyo matumbawe, konokono na kamba hujengea miili yao vimebaki shambani. Ya pakiti, juu ya hayo, imeongezwa madini joto (iodini) kwa ajili yetu binadamu. Ukishindwa kupata maji safi ya bahari, hasa kati ya Machi na Mei, agiza chumvi maalumu. Hakuna njia ya katikati.

Chombo cha kupimia chumvi usikibanie pesa. Vipo vya plastiki vyenye mshale unaoelea, na kipovu kimoja cha hewa kikinasa kwenye mshale vinakudanganya. Nunua rifraktometa. Unadondosha tone moja au mawili kwenye kioo chake, unafunga kifuniko taratibu ili hewa isibaki chini, unasubiri nusu dakika tone lipate joto la chombo, halafu unaielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Ndani utaona bluu juu, nyeupe chini, na mpaka kati yao unaangukia kwenye namba. Wengi huirekebisha kwa maji yaliyosafishwa yanayotakiwa kusoma sifuri, wakaridhika. Chombo kinaweza kusoma sifuri sawasawa na bado kikakosea kule juu kwenye 35 unakopima kila siku. Nunua pamoja nacho kichupa cha maji ya kulinganishia ya 35, ukirekebishe kwa hayo kila mwezi. Ukimaliza kipimo, kifute kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi inakauka kwenye kioo na kesho unapima chumvi ya jana.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha matatizo ya tangi la Tanga. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi haiondoki nayo. Tangi la lita 200 lenye chumvi 35 likipoteza lita 10, lile lililobaki linasoma karibu 37. Kwa feni na joto letu, kupoteza lita kadhaa kwa siku ni jambo la kawaida. Kwa hiyo pengo la mvuke hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, na maji ya chumvi hutumika tu pale ulipotoa maji ya chumvi. Nimeona watu makini kabisa wakijaza pengo kwa maji ya bahari wiki baada ya wiki, wakishangaa kwa nini konokono wao wamejifungia ndani ya makome na hawatoki.

Kujaza kwa mkono inawezekana kama uko nyumbani kila siku na unajaza asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Ukisafiri siku tatu, umekwisha. Kifaa cha kujaza chenyewe ndicho ninachokiweka juu ya taa na juu ya kila kinachong'aa. Cha bei nafuu ni boya dogo, la aina ile ile inayofunga maji kwenye simtanki, likiwa limewekwa kwenye tangi la chini na kuunganishwa na ndoo iliyoinuliwa. Cha bei kubwa kidogo kina kihisio na pampu ndogo. Vyote viwili vinafanya kazi. Vyote viwili vinaweza kukwama. Konokono akipanda juu ya boya, au chumvi ikiganda kwenye bawaba yake, maji yataendelea kuingia. Ndiyo maana usije ukaunganisha boya moja kwa moja na bomba la nyumba au simtanki la lita 1,000. Liunganishe na ndoo ya lita 15 au 20 tu. Likikwama likiwa wazi usiku, lita 15 kwenye mfumo wa lita 250 zitashusha chumvi kwa pointi mbili hivi, na samaki wengi watavumilia. Lita 500 zingewaua wote na kuharibu zulia.

Na maji hayo ya kujazia yatoke wapi? Ya bomba yana klorini, na kila kilichomo ndani yake kinabaki kwenye tangi mvuke unapoondoka, mwezi hadi mwezi. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi na chokaa. Maji ya mvua ni mazuri mpaka yaguse paa: bati jipya linatoa zinki, na zinki ni sumu kwa kamba na matumbawe. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamepita kwenye mirija ya shaba, na shaba ni mbaya zaidi. Kiasi kidogo ambacho samaki hakihisi kinaua konokono wote. Kwa sababu hiyo hiyo koki na viungio vya bomba viwe vya plastiki tupu. Suluhisho la kudumu ni chujio la maji la utando, lile linalosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha madini nyuma, likimalizia na kichujio cha resini, punje zinazonasa madini yaliyosalia. Pamoja nacho nunua kipimo kidogo cha kalamu cha madini kwenye maji. Kikisoma sifuri au karibu na sifuri, tumia. Kikianza kupanda, badilisha resini. Chujio hilo hutupa maji mengi kuliko linayotoa, basi yale ya kutupa yaelekeze kwenye ndoo ya kufulia au bustanini.

Joto. Lengo lenu liwe kati ya digrii 25 na 27, na likipanda hadi 28 mchana likarudi usiku halina neno kubwa. Ikifika 30 na kukaa hapo siku kadhaa, matumbawe huanza kupauka na samaki kuhema kwa nguvu. Kabla ya kufikiria mashine ya kupoozea, weka feni. Feni ndogo mbili za kompyuta, za volti 12, zikipuliza juu ya uso wa tangi la chini zinashusha digrii mbili au tatu kwa umeme kiduchu. Siri ni mvuke ule ule tuliokuwa tukiulalamikia: lita moja inapoondoka kama mvuke inachukua joto la kutosha kupoza lita 200 kwa digrii 3 hivi. Ndiyo maana feni bila kifaa cha kujaza maji ni kuhamisha tatizo kutoka kwenye joto kwenda kwenye chumvi. Nunua vyote viwili siku moja. Feni ziwashwe na kuzimwa na kidhibiti joto chenye kihisio ndani ya maji, ili usiku wa Julai zisiendelee kupuliza na kuyafikisha 23.

Feni zina kikomo chao. Hewa ikiwa nzito ya unyevu, kama siku za masika ambapo nguo hazikauki kambani, mvuke hauondoki vizuri na feni hupoteza nguvu. Fungua madirisha, punguza saa za taa, toa kifuniko cha kioo uweke wavu. Kwa dharura gandisha chupa za maji zilizofungwa na uweke moja kwenye tangi la chini, ukiibadilisha ikiyeyuka. Barafu yenyewe usiitumbukize, itapunguza chumvi. Mashine ya kupoozea ni ya wenye matumbawe magumu na mfuko mpana. Inakula uniti za LUKU sawasawa na friji kubwa au zaidi, na joto inalolitoa kwenye maji inalimwaga chumbani, kwa hiyo ikikaa ndani ya kabati la stendi inajipasha yenyewe.

Umeme ukikatika, watu hukimbilia kufikiria taa. Taa hazina haraka. Samaki na matumbawe wanaweza kukaa gizani siku mbili. Kinachoisha ni hewa. Maji ya chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji ya mto, na yakiwa ya moto hubeba pungufu zaidi, kwa hiyo tangi letu lenye samaki wengi linaweza kuanza kukosa hewa ndani ya saa chache tu baada ya maji kusimama. Utawaona wamepanda juu, vinywa vinagusa uso wa maji. Kifaa cha chini kabisa cha kuwa nacho ni pampu ya hewa ya betri, ile wanayotumia wavuvi kuwaweka hai chambo, na betri za akiba ambazo watoto hawatazichukua kuweka kwenye rimoti. Nzuri zaidi ni kuchagua tangu mwanzo pampu ya kuzungusha maji ya volti 12 na kuiunganisha na betri ya sola. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, pampu ya wati 10 inazunguka kwa saa 30 hivi. Zile feni za volti 12 nazo zinaingia hapo hapo. Usilishe samaki wakati umeme haupo. Na kama una chujio la aina ya kopo lililofungwa, likisimama saa nyingi bakteria waliomo hufa kwa kukosa hewa na maji yake yanaoza. Lifungue, ulisuuze kwa maji ya tangi, ndipo uliwashe. Umeme unaporudi huja kwa kishindo, basi vifaa vyenye elektroniki viwe nyuma ya stebilaiza au kinga ya umeme.

Kuhusu shoti sitanii hata kidogo, kwa sababu mikono yenu itakuwa ndani ya maji ya chumvi kila siku na maji hayo hupitisha umeme vizuri mno. Ekstensheni isilale sakafuni chini ya tangi. Ipigwe msumari ukutani, juu ya kimo cha maji ya tangi la chini na pembeni. Kila waya ushuke kwanza chini ya soketi ndipo upande kuingia, ili tone linalotiririka juu ya waya lidondokee chini badala ya kuingia kwenye plagi. Fundi akufungie breka inayojikata yenyewe umeme unapovuja, ya milliampea 30, na ibonyeze kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Chumvi nyeupe inayotambaa kwenye plagi na waya ifutwe kila wiki. Gharama ya breka hiyo ni ndogo kuliko ya taa yoyote mtakayoitamani.

Yaliyobaki yana umuhimu wake lakini hayahitaji maneno mengi. Skima ya protini ni bomba linalotengeneza vipovu vidogo sana. Uchafu wa kinyesi na chakula hunata kwenye vipovu, hupanda na kumwagika kwenye kikombe, kwa njia ile ile inayotengeneza povu ufukweni wakati wa kusi. Ni kifaa kizuri, inunue yenye uwezo wa kuzidi tangi lako kidogo, iweke mahali ambapo kimo cha maji hakibadiliki. Taa ya LED ya kawaida yenye nyeupe na bluu inatosha kama hujaanza matumbawe, saa 8 kwa siku kwa swichi ya saa. Vipimo vya amonia, naitraiti na naitreti, vitu vinavyotokana na uozo wa kinyesi na chakula, ni vya lazima. Ukifika kwenye matumbawe utahitaji pia cha kalsiamu na cha alkalini. Msije mkashawishika kutumia chokaa ya kujengea kuongeza kalsiamu, hata kama imetoka kwenye mawe mazuri ya Amboni. Ya tangi inatakiwa iwe safi ya daraja la chakula, na hata hiyo huingizwa kwa matone.

Mawe yawe yale makavu ya matumbawe ya kale, ya aina inayojengewa nyumba za pwani, mradi hayajawahi kupakwa lipu wala saruji. Yaloweke kwenye pipa la maji ya chumvi majuma kadhaa, ukibadilisha maji, mpaka yasinuke. Matundu yake ndiyo makazi ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Jiwe hai, yaani lenye viumbe, au tumbawe hai msivunje baharini. Sehemu kubwa ya bahari yetu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, na matumbawe magumu yote yanalindwa hata katika biashara ya kimataifa. Kwa kiumbe chochote mnachotaka kutoa baharini, hata samaki mdogo, ulizeni kwanza ofisi ya hifadhi na ya uvuvi.

Mfumo ukishakuwa unazunguka na joto na chumvi vimetulia, tia kipande cha kamba mbichi kioze humo, na upime. Amonia itapanda, kisha naitraiti, kisha vyote vitashuka hadi sifuri. Hesabu wiki 4 hadi 6. Hakuna kifaa cha kuifupisha subira hiyo kwa uhakika, na maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi) ya 8.2 hivi, ambako amonia huwa kali kuliko kwenye maji ya kawaida. Tumia muda huo kuchunguza vifaa: je, feni zinawaka saa ngapi, ndoo inaisha baada ya siku ngapi, chumvi imesogea kiasi gani kwa wiki? Andika kwenye daftari. Samaki wa kwanza awe mmoja au wawili wadogo; yule wa rangi ya machungwa anayeishi kwenye anemoni, kiumbe laini mwenye minyiri, ni mvumilivu, na anemoni yenyewe haihitaji. Vitatange ni wazuri wa kutazama lakini aina nyingi hula matumbawe tu na hufa njaa mbele ya chakula. Kangaja anataka nafasi ya kukimbia ambayo lita 200 haina. Jongoo bahari aachwe baharini, kwa sababu akidhurika na pampu anaweza kutoa sumu itakayoua kila kilichomo.

Kifaa cha mwisho ni dumu. Weka daima lita 40 za maji ya bahari yaliyochujwa, chumvi yake imepimwa, kwenye madumu mawili yaliyofungwa, mahali pa kivuli. Siku boya likikwama, samaki akifa umesafiri, au mtoto akimwaga sabuni, hayo ndiyo yatakayokuwezesha kubadilisha maji saa hiyo hiyo bila kungoja bahari ijae. Andika tarehe kwenye dumu kwa wino usiofutika, tumia maji hayo kwa usafi wa kawaida yakifikisha wiki tatu, na ujaze mengine.